Ndugu yako ana skizofrenia na anajidhuru: namna ya kumwelewa na cha kufanya

Siku niliyoona alama kwenye mkono wa mdogo wangu kwa mara ya kwanza kulikuwa na joto la kumtoa mtu jasho akiwa amekaa tu, na yeye kavaa shati la mikono mirefu kafunga mpaka kifungo cha mwisho. Alikuwa anaosha vyombo, akajisahau, akakunja mkono. Nikamuuliza kile ambacho kila mtu angeuliza, tena kwa sauti ya juu, "we kwa nini unajifanyia hivi?" Hakujibu. Alishusha mkono wa shati taratibu, akamalizia vyombo vyake, akaingia chumbani, na tangu hapo ikapita miezi bila kunionyesha wala kuniambia kitu. Baadae sana, siku katulia, ndo akanitamkia mwenyewe: "Walisema nikifanya vile watakuacha wewe." Hao ni sauti anazozisikia yeye peke yake. Yani kwenye akili yake alikuwa ananiokoa mimi, na mimi nikamfokea.

Naandika hii kwa mtu anayeishi na ndugu, mwenza, mtoto au rafiki mwenye skizofrenia (ugonjwa wa akili ambao mara nyingi mtu anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au anaamini mambo yasiyo ya kweli) anayejidhuru, na pia kwa mwenye ugonjwa mwenyewe (sehemu yake iko huko chini, ruka uende moja kwa moja ukitaka). Mi sio daktari, ni mtu niliyeishi na jambo hili miaka mingi, nimekalia mabenchi ya kliniki mpaka nimeyazoea, nimeuliza sana na nimesoma sana. Nilichokiona ni kwamba nyuma ya jeraha huwa kuna sababu ambayo kwake yeye inaingia akilini kabisa, na sababu hizo hazifanani, leo ni sauti, mwezi ujao ni huzuni, mara nyingine ni dawa yenyewe, na ukihangaika na sababu ambayo sio yake utazunguka pale pale huku yeye anazidi kuumia.

Ila kwanza hili. Kama sasa hivi mtu wako ameumia vibaya, amemeza kitu, au anasema anataka kufa na unaona kabisa amedhamiria, acha kusoma. Usimwache peke yake, piga namba ya dharura ya nchi unayoishi au mpeleke hospitali ya karibu. Mengine utayasoma baadae.

Kujidhuru na kujiua

Haya mawili sio kitu kimoja lakini ni majirani. Kuna anayejiumiza bila nia yoyote ya kufa, anataka tu makelele ya kichwani yapungue au ahisi kitu badala ya ganzi. Kuna anayetaka kufa. Na kuna wengi ambao hata wao wenyewe hawajui walikuwa wanataka nini saa ile, kwahiyo usimlazimishe achague jibu. Kinachotakiwa ukijue ni kwamba aliyewahi kujidhuru, hata kwa jeraha dogo, hatari yake ya kuja kujiua inakuwa kubwa kuliko ya asiyewahi, ndo maana hatusemi "aah anatafuta tu kuonewa huruma". Hiyo kauli iondoe kabisa nyumbani kwako. Mtu anayeficha mkono chini ya shati kwenye joto lile hatafuti kuonwa na mtu.

Skizofrenia yenyewe sio ugonjwa wa ajabu kama watu wanavyodhani. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu kama milioni 24 duniani wanao, yani karibu mtu 1 kati ya 300. Mara nyingi unaanza mwishoni mwa ujana au kwenye miaka ya ishirini, wanaume huwahi kidogo kuliko wanawake. Sio kuwa na nafsi mbili, sio ukorofi, na hatari kubwa huwa kwa mgonjwa mwenyewe kuliko kwa watu anaokaa nao. Makadirio ya watafiti ni kwamba karibu 5 kati ya 100 huishia kufa kwa kujiua. Namba hiyo inatisha, najua, mimi niliisoma usiku nikashindwa kulala, lakini isome pia upande wa pili, walio wengi sana hawafi hivyo, na kuna vitu vinavyojulikana kabisa kuwa vinapunguza hatari.

Sababu, na hapa ndo pa kukaa

Sauti zinazoamuru. Hizi ndo watu huzifikiria kwanza. Sio kila sauti inaamuru na sio kila anayeamriwa anatii, unakuta mtu anasikia "jiumize" mwaka mzima na hafanyi. Hatari inapanda pale anapoamini kuwa mwenye ile sauti ana nguvu, anajua kila kitu, au ni mtu anayemfahamu, na zaidi sana pale sauti inapotishia kwamba usipofanya kuna mtu atadhurika. Kwahiyo ukishajua anasikia sauti usiishie hapo, uliza kwa upole inasema nini, ni ya nani, inasema kitatokea nini asipotii, na yeye huwa anafanyaje. Hilo swali la mwisho ndo la thamani kuliko yote kwa sababu karibu kila mtu ana namna fulani ambayo huwa anaikatalia, hata kama ni kuitii nusu, na hapo ndo pa kuanzia.

Imani zisizo za kweli. Mtu anaamini kuna kitu kimepandikizwa mwilini mwake, au kiungo chake kimekosa na kinastahili adhabu, au andiko la dini linamwagiza yeye binafsi. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Ukimsikia anaongea kuhusu kutoa kitu mwilini, au kwamba jicho au kiungo chochote sio chake au kimetenda dhambi, usisubiri tarehe ya kliniki, hiyo ni dharura ya leo leo hata kama hajajigusa. Matukio mabaya kabisa ya kujidhuru ni machache, ila yakitokea mara nyingi ni kwa mtu ambaye ugonjwa umeanza na bado hajapata matibabu yoyote, familia inasema "tumwangalie kwanza". Mficha maradhi kifo humuumbua, wazee hawakukosea.

Huzuni baada ya kupata nafuu. Hii ilitukuta na sikuiona kabisa. Sauti zimepungua, analala, anakula, sisi tunashangilia, kumbe yeye ndo kwanza anaona kilichompata, masomo yaliyokatika, marafiki walioacha kupiga simu, neno skizofrenia limeandikwa kwenye faili lake. Mtu anaanza kuuelewa ugonjwa wake na uelewa huo huo unamvunja. Sonona, yani ile huzuni nzito ambayo ni ugonjwa, ni ya kawaida sana kwenye skizofrenia, na kukata tamaa ndo moja ya vitu vinavyomsukuma mtu kwenye kujiua kuliko hata sauti. Shida ni kwamba ukimya, kulala sana, kutokuwa na hamu ya kitu ni dalili za skizofrenia yenyewe pia, hivyo sonona inajificha humo. Namna niliyojifunza kutofautisha ni kumsikiliza maneno, mtu asiye na hamu tu hatakwambia "mi ni mzigo kwenu" au "ingekuwa bora nisingekuwepo". Ukisikia hayo, mpeleke akaangaliwe sonona, inatibika.

Dawa. Naomba hapa usome taratibu. Kuna madhara ya baadhi ya dawa za skizofrenia yanaitwa akathisia, ni hali ya kutotulia ambayo iko ndani ya mwili, mtu hawezi kukaa, anatingisha miguu, anatembea huku na huku chumbani mpaka usiku wa manane, anakwambia "nataka kutoka kwenye ngozi yangu". Mara nyingi inakuja siku au wiki za mwanzo baada ya kuanzishiwa dawa au kuongezewa dozi. Watu wamejiumiza kwa sababu ya hii hali tu. Na kwa macho inafanana na kuzidiwa, kwahiyo familia inakimbilia kuomba dozi iongezwe na ndo mambo yanaharibika zaidi. Sisi tulifanya hivyo. Tulimuona anazunguka zunguka tukasema ugonjwa umerudi, dozi ikapandishwa, na wiki ile ilikuwa mbaya kuliko zote mpaka nesi mmoja alipomuuliza yeye mwenyewe, sio mimi, "kutotulia kunaanzia wapi, kichwani au miguuni?" Akasema miguuni. Daktari anaweza kupunguza dozi, kubadilisha dawa, au kuongeza dawa ya kutuliza hali hiyo kama propranololi. Usiisimamishe mwenyewe nyumbani, ila usisubiri mwezi uishe pia, piga simu.

Afu kuna sababu ambazo hazina uhusiano mkubwa na skizofrenia, mtu huyu ni binadamu pia, ameachwa, amefiwa, amedhalilishwa utotoni, anajiumiza kwa yale yale yanayomfanya mtu yeyote ajiumize. Msiweke kila kitu kwenye ugonjwa. Na pombe na bangi, hizi sitazizungumzia sana, zinachochea sauti na zinaondoa breki, basi.

Kuongea naye

Watu wengi wanaogopa kuuliza wakidhani wakitaja kujiua watampa wazo. Sio kweli, kuuliza hakumwingizii mtu wazo, na wengi husema walipata nafuu pale mtu alipouliza wazi. Uliza kwa maneno ya kawaida: "Kuna wakati unawaza kujiua?" "Leo je?" "Ulishafikiria namna?" Usizunguke na "huna mawazo mabaya eti?" kwa sababu hapo umeshamwambia jibu unalolitaka.

Chagua mahali na namna. Mtu mwenye skizofrenia anaweza kuwa tayari ana makelele ya watu watatu kichwani, wewe ukija na ndugu wengine wawili mkamkaba kwa maswali anaona kikao cha mahakama. Nenda peke yako, sentensi fupi, swali moja, ngoja jibu, hata likichelewa dakika nzima. Kumkodolea macho kunawatisha wengine, mimi na mdogo wangu tunaongea vizuri zaidi tukiwa tunatembea au tunaanika nguo, kila mtu anaangalia alichoshika.

Kuhusu yale anayoyaamini, usibishane na usikubali. Ukisema "hamna sauti yoyote hapa, acha upuuzi" umepoteza, ukisema "ndio nami nawasikia" umedanganya na umeongeza moto. Kuna njia ya katikati, unajibu hisia sio habari. Yani hivi:

"Wanasema wataua watu wote humu ndani."
"Mi siwasikii, ila naona wewe unawasikia na umeogopa sana. Kwa muda gani sasa?"
"Toka asubuhi."
"Toka asubuhi, pole sana aisee, umechoka. Wanataka ufanye nini?"

Unaona, hapo hujakubali kitu na hujamdharau, na umeshapata habari unayoihitaji. Ikifika siku ametulia unaweza kumrudisha kwenye ushahidi wake mwenyewe, "juzi walisema usipotii nitakufa, hukutii, mimi nipo hapa, unaonaje?" Sio kwa kumsuta, kwa kuuliza kweli. Kuna tiba ya mazungumzo iliyotengenezwa Uingereza kwa ajili ya sauti zinazoamuru tu, inafanya kazi kwa msingi huu huu wa kupunguza nguvu anayoiona mtu kwenye sauti. Walipoijaribu kwa watu 197 na kutoa matokeo 2014, baada ya miezi 18 waliokuwa bado wanatii sauti kwa ukamilifu walikuwa asilimia 28 kwa waliopata tiba hiyo na asilimia 46 kwa wasioipata. Na sauti zenyewe hazikuondoka! Waliendelea kuzisikia, ila hazikuwa tena bosi wao. Hilo kwangu lilibadilisha kila kitu, kwa sababu nilikuwa nangoja siku sauti zitakapokwisha ndo niseme amepona.

Kitu kingine, usimwapishe. "Niahidi hutafanya tena", nilikuwa nafanya sana hivyo. Hakuna ushahidi kwamba kiapo kinazuia, kinachofanya ni kwamba siku akishindwa atakuficha ili asionekane muongo.

Saa ile ile akijiumiza

Tuliza uso wako kwanza, utalia baadae. Jeraha lioshe kwa maji safi, likitoka damu kandamiza kwa kitambaa safi bila kuachia achia kuchungulia, dakika 10 kamili. Hospitali ni lazima kama damu haikomi, jeraha ni la kina, limefika usoni, shingoni, machoni au sehemu za siri, kuna kitu kimebaki ndani, au ameungua. Uliza pia habari ya chanjo ya pepopunda. Usipime uzito wa jeraha kwa sura yake, baadhi ya watu wenye skizofrenia hawaonyeshi maumivu kama wengine, anaweza kukaa kimya na jeraha ambalo wewe ungepiga kelele mtaa wote usikie.

Akimeza dawa au sumu, usimtapishe, nenda hospitali na pakiti au chupa yenyewe. Nenda hata kama anaongea vizuri na anakwambia yuko poa, kuna dawa za kawaida kabisa ambazo siku ya kwanza mtu anaonekana mzima huku mwili unaharibika ndani.

Maneno ya saa ile yawe machache. "Niko hapa. Nakufunga hili jeraha. Hatuongei sasa, tutaongea kesho." Na kesho uongee kweli.

Kufanya nyumba isiwe na hatari

Msukumo wa kujiumiza mara nyingi ni wimbi, unapanda, unafika kileleni, unashuka, wakati mwingine ndani ya dakika chache. Kitu cha hatari kikiwa mbali wakati wimbi liko juu, mtu anavuka. Kwahiyo funga dawa, zote, za kwako pia, sio za kwake tu, omba mpewe dozi za wiki badala ya za miezi mitatu, toa sumu za wadudu na silaha nyumbani, na vile anavyojiumizia vitunze sehemu ambayo lazima aombe. Fanya hivyo ukiwa naye na ukimweleza, "haya tunayaweka huku kwa ajili ya zile siku mbaya, siku nzuri tutayarudisha". Ukipekua chumba chake hayupo, kwa mtu ambaye tayari anaamini anafuatiliwa, umemthibitishia.

Mpango ulioandikwa

Huu ndo msaada mkubwa kuliko vyote nilivyoviona, na ni karatasi moja tu. Unaandikwa siku nzuri, na unaandikwa kwa maneno yake, wewe ni wa kushika kalamu akitaka. Unaanza na dalili za mwanzo kabisa, sio za mwisho. Wa mdogo wangu unasema "nikianza kufunga pazia mchana", "nikiacha kujibu meseji", "wakianza kuniita jina langu lote". Hakuna daktari angeweza kuyajua hayo.

Afu yanafuata anayoweza kufanya peke yake. Kwa sauti vitu vya sikio na mdomo vinasaidia wengi, hedifoni na mziki, kuimba chini chini, kusoma kitu kwa sauti, kuhesabu kurudi nyuma, kwa sababu ni ngumu mdomo ukiwa na kazi kusikiliza maneno mengine. Wengine wanaipa sauti miadi, "nitakusikiliza saa 12 jioni, dakika 10, sasa hivi nina kazi", inachekesha kuisikia ila inawarudishia wao usukani. Kuna kuchelewesha pia, ngoja dakika 15, zikiisha ongeza 15. Kwa ganzi na hasira vinafaa vya mwili, maji baridi usoni, kutembea kwa kasi. Unajaribu vyote siku nzuri ili ujue kipi kinamfaa, maana kinachomtuliza mmoja kinamvuruga mwingine, mdogo wangu mziki wenye maneno unazipa sauti cha kusema, anasikiliza ala tupu.

Baada ya hapo anaandika watu, wa kukaa nao tu bila kuongelea ugonjwa, na wa kuwaambia ukweli, kwa majina na namba, kisha kliniki na namba ya dharura. Na sehemu ya mwisho ni yenu nyinyi, tufanye nini na tusifanye nini. Toleo la kwanza la kwake aliandika "msinifokee". Mwaka uliofuata alilikata akaandika "niulizeni wamesema nini". Karatasi iko nyuma ya mlango wa kabati lake na nakala iko kwenye simu yangu.

Matibabu na cha kumwambia daktari

Kujidhuru hakuna kidonge chake. Kinachotibiwa ni kile kinachosukuma, ndo maana nimekaa sana kwenye sababu. Dawa za skizofrenia zinapunguza sauti na imani hizo, zinachukua wiki kadhaa kufanya kazi vizuri, na kuziacha ghafla ndo njia ya haraka ya kurudi ulikotoka. Kama kumeza kila siku kunamshinda, kuna sindano za kila wiki mbili, kila mwezi, hata za miezi mitatu, na mtu anapumzika na ugomvi wa "umekunywa dawa?" kila usiku.

Dawa moja lazima uijue jina, klozapini. Mwaka 2003 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika nchi 11 kwa watu 980 wenye skizofrenia au ugonjwa unaofanana nayo na ambao walikuwa kwenye hatari ya kujiua, wakalinganisha klozapini na olanzapini, dawa nyingine ya skizofrenia, kwa miaka miwili, na waliotumia klozapini walikuwa na matukio machache zaidi ya kujaribu kujiua. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilishaipitisha kwa kazi hiyo Desemba 2002. Sio ya kuchezea, inaweza kushusha chembe nyeupe za damu kwahiyo damu inapimwa mara kwa mara hasa miezi ya mwanzo, choo kigumu nacho ukichukulie kwa uzito kwa sababu kinaweza kuwa hatari kabisa, na mtu akiacha sigara ghafla kiwango cha dawa kinapanda mwilini. Lakini kama dawa mbili zimeshajaribiwa vizuri hazijasaidia, au kujiua kunarudi rudi kwenye mazungumzo, uliza wazi, "je klozapini?" Wengi wanazungushwa miaka kabla mtu hajaitaja.

Kwenda kliniki usiende na "anaendelea vibaya". Nenda na daftari: tarehe, alichofanya, kilichotangulia, alikuwa amelala saa ngapi, dozi ilibadilika lini, sauti zilisema nini. Daktari ana dakika chache, kurasa mbili hizo zinampa kitu cha kushika. Na mwombe aongee na mgonjwa peke yake kidogo, kuna mambo hatayasema mbele yako hata mpendane vipi.

Vipindi vya kuwa macho zaidi ni pale ugonjwa unapoanza kabla ya matibabu, wiki za mwanzo baada ya kuruhusiwa kutoka wodini (hapa familia nyingi zinapumzika wakati ndo pa kukaza, omba tarehe ya kuonwa ndani ya siku chache, sio "njoo baada ya mwezi"), dawa inapobadilishwa, na anapopoteza mtu au kazi.

Kama mwenye skizofrenia ni wewe

Kujiumiza kwako sio ubaya wa tabia na sio lazima uone aibu ili usaidiwe. Sauti ikikuamuru, jua kwamba kusikia sio kutii, una haki ya kuisikia na kukaa pale pale ulipo. Icheleweshe. Toka chumbani uende walipo watu, hata ukikaa nao bila kusema kitu. Mwambie mtu mmoja, na kama maneno hayatoki mdomoni andika kwenye simu umpe asome: "sauti ziko juu leo, naogopa nitajiumiza, kaa na mimi". Ukishindwa ukajiumiza, tunza jeraha, mwambie mtu, usihesabu kwamba umeanza sifuri. Na dawa ikikufanya ushindwe kutulia au ujichukie, hiyo ni taarifa ya kumpa daktari leo, sio sababu ya kuvumilia kimya kimya wala kuzitupa zote.

Na wewe unayemtunza

Utachoka. Utakasirika, na usiku utakuwa unasikiliza mlango wake kama unafunguka. Kumchunga mtu masaa 24 haiwezekani kwa mtu mmoja na ukijaribu utaanza kumfokea, na nyumba yenye kufokeana na kulaumiana ugonjwa unarudi haraka zaidi, hilo limeonekana kwenye tafiti nyingi. Kwahiyo gawaneni zamu, watoto msiwape kazi ya ulinzi, lala, tafuta kikundi cha familia zenye wagonjwa au hata mtu mmoja unayeweza kumwambia "leo nimemchukia kidogo" asikushangae. Mi Jumamosi silali nyumbani. Naenda kwa rafiki, simu iko wazi, dada yetu ndo anabaki naye, na mdogo wangu mwenyewe ikifika saa kumi jioni ndo anakuja kuniuliza bado sijaondoka nangoja nini.